Kwa nini bakuli la nundu ya mti mbichi hupasuka, na huokolewaje?

Fundi anayekereza bakuli kutoka nundu ya mwembe uliokatwa juzi hufurahia kazi yake tangu mwanzo, kwa sababu bobari, yaani patasi yenye makali yaliyopinda, hupita bila kukwama, maranda huruka marefu na laini, na maji ya mti humrukia mpaka kwenye mikono ya shati. Jioni huliweka bakuli mezani likiwa zima. Asubuhi hulikuta lina ufa mwembamba kama unywele, ulioanzia mdomoni na kushuka kuelekea kitako, ilhali hakuna aliyeligusa. Ufa huo umetoka wapi, na je, bakuli hilo linaokoleka?

Mbao mbichi hubeba maji katika sehemu mbili: yapo yaliyojaa ndani ya matundu ya seli, na yapo yaliyoshikamana na kuta za seli zenyewe. Yale ya matundu hutoka kwanza, na yakitoka mbao huwa nyepesi tu bila kubadilika umbo. Unyevu unaposhuka hadi karibu asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, kuta za seli nazo huanza kutoa maji yake, na hapo ndipo mbao huanza kusinyaa. Haisinyai sawasawa: kwa urefu wa nyuzi hupungua kidogo mno, kuelekea moyo wa mti hupungua zaidi, na kwa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji hupungua takribani mara mbili ya hapo.

Nundu haina mpangilio huo. Ni uvimbe unaoota kwenye shina au mzizi, mara nyingi baada ya mti kujeruhiwa au kushambuliwa, ambamo vichipukizi vingi hujikusanya bila kuwa matawi, na nyuzi hulazimika kuvizunguka. Ndiyo maana ukiipasua unaona vijicho na mawimbi yasiyopatikana katika mbao ya kawaida, uzuri unaotafutwa kiasi kwamba mwaka 2014 wasimamizi wa hifadhi ya Redwood huko California, Marekani, walilazimika kufunga barabara moja usiku ili kuzuia wezi wa nundu. Lakini uzuri huo huo ndio unaoleta taabu. Katika eneo lisilozidi kiganja, nyuzi zimelala, zimesimama na zimegeuka, hivyo kila sehemu husinyaa kwa upande wake na kuivuta jirani yake. Tena ncha za nyuzi, ambako maji hutokea kwa kasi kuliko kwingine kote, ziko wazi pande zote za bakuli. Sehemu ya juu hukauka na kutaka kusinyaa wakati ndani bado kumetuna kwa maji, na ikishindwa kuhimili mvutano huchanika.

Hata hivyo, nundu ina jambo moja la kumfariji fundi. Katika mbao ya nyuzi zilizonyooka ufa hukimbia kama kuni iliyopigwa shoka, ilhali katika nundu hukutana na nyuzi zilizokingama, ukasimama. Kwa hiyo bakuli la nundu lililopasuka halistahili kutupwa jikoni upesi.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kukimbilia gundi. Ukiujaza ufa wakati mbao bado ni mbichi, umeweka kabari ngumu ndani ya kitu ambacho bado kinasinyaa, na baada ya wiki mbili utakuta ufa wa pili kando ya ule ulioujaza. La kwanza ni kupunguza kasi ya maji kutoka. Lifunike bakuli kwa maranda yake yenyewe yenye unyevu, litie ndani ya mfuko wa plastiki, ulifunge. Lisikae humo siku nyingi, kwa maana mwembe hushika kuvu haraka na kupata madoa ya buluu.

Kisha pima unene. Mabakuli mengi niliyoyaona yamepasuka yalikuwa na ukuta wa milimita 8 na kitako cha milimita 20 au zaidi, na ufa ulianzia karibu na pale pembamba panapokutana na panene, kwa sababu sehemu hizo mbili hazikauki kwa mwendo mmoja. Ikiwa ufa ni mfupi, uzuie kwa matone machache ya supaglu nyepesi mwishoni mwake tu, si kwa kuujaza. Gundi hiyo hukazwa na unyevu, hivyo kwenye mbao mbichi hushika mara moja na kutoa moshi unaochoma macho. Baada ya hapo kereza polepole, ukiwa umevaa kinga ya uso na umesimama pembeni mwa njia ya bakuli, mpaka unene uwe mmoja kutoka mdomoni hadi kitakoni. Ukuta wa milimita 5 ulio sawa kote hupinda badala ya kupasuka. Mimi nalipenda bakuli lililopinda.

Ikiwa bakuli bado ni nene, acha ukuta wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani milimita 30 kwa bakuli la milimita 300, ulipake nta na kuliweka katika mfuko wa karatasi mbali na upepo. Lipime kwa mizani ya jikoni kila wiki na uandike uzito kwa penseli kwenye kitako. Uzito ukiacha kushuka, limekauka kwa hewa ya mahali hapo. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya pwani nyakati nyingi, huiacha mbao ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 16, na hewa ya asilimia 50 huishusha hadi kama 9. Hivyo bakuli lililotulia Tanga linaweza kuanza kusinyaa upya likipelekwa Dodoma.

Sasa ndipo ufa hujazwa. Epoksi, yaani gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa ili igande, ikitiwa unga wa kahawa huonekana kama mshipa mweusi wa mti, na huvutia kuliko vumbi la mbao ile ile, ambalo likilowa gundi hugeuka rangi na kufanana na doa. Njia ninayoipenda zaidi ni ile ya kushona vibuyu vilivyopasuka. Bakuli langu la mwembe lilikuwa na ufa wa sentimita 9. Lilipokauka nilitoboa vitundu kila upande wa ufa kwa keekee nyembamba, nikapitisha waya wa shaba uliotoka kwenye mota iliyoungua, nikavuta mishono 7 bila kuikaza mno, ili mbao ipate nafasi ya kucheza kiangazi kikiingia na masika yakirudi. Ufa bado unaonekana, na mwanga hupenya katika mshono wa tatu.