Jina la mume si tiketi ya mirathi

Wiki hii peke yake, ofisini kwangu Kariakoo, wateja watatu wameniuliza swali lilelile: "Wakili, nisipotumia jina la mume wangu, siku akifa ndugu zake si watanitoa nyumbani?" Hofu yao naielewa, maana ndugu wa aina hiyo wapo. Lakini jina halihusiki! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Ndoa huthibitishwa kwa cheti cha ndoa, na hata asiye nacho ana kifungu cha 160, kinachowadhania kuwa wameoana watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana hivyo. Mjane wa Kiislamu ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane ya mirathi, marehemu akiacha watoto, robo asipoacha. Hiyo ni haki ya mke, awe anaitwa nani.

Kwenye talaka ni vivyo hivyo. Kesi iliyofanya kazi za nyumbani zihesabiwe kuwa mchango katika mali, Mahakama ya Rufani, 1983, ni ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Soma majina hayo mara mbili: mke ni Mohamed, mume ni Sefu.

Kinachowakwamisha wateja wangu ni kubadili nusunusu. Vyeti vya shule vina jina la baba, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina la mume, hati ya kiwanja ina yote mawili. Kisha mafao yanasimama, anahangaika na viapo. Mimi humwambia kila bibi harusi: baki na jina la vyeti vyako. Ukiamua kubadili, sajili hati ya kubadili jina, halafu rekebisha kila mahali.

"Lakini ndiyo desturi yetu." Ya nani? Siti binti Saad alikuwa binti Saad. Bibi Titi Mohamed aliolewa akabaki Mohamed. Rais Samia Suluhu Hassan anabeba jina la baba yake.

"Wazungu wote hubadili." Hapana. Mhispania hubaki na majina yake, na Quebec, Kanada, tangu 1981 mke hutambulika kisheria kwa jina la kuzaliwa. Wanaolazimishwa jina moja ni wanandoa wa Japani.

Kama cheti chako cha ndoa kimepotea, hilo ndilo la kushughulikia: nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili, uombe nakala, mumeo akiwa bado hai.