Diski mbili si nakala mbili

Anayenunua kifaa chake cha kwanza cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa nyumbani huambiwa achukue chenye diski mbili, eti data yake itakuwa salama. Kauli hiyo ni ya siku nyingi, na nusu yake ni kweli. Mpangilio uitwao RAID 1 huandika kila kitu kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, moja ikiwa kama kioo cha nyingine. Moja ikifa, nyingine huendelea na kazi. Ndiyo maana diski mbili za terabaiti 4 hukupa nafasi ya terabaiti 4 tu, si 8.

Lakini kioo huakisi hata kosa. Ukifuta picha za harusi kwa bahati mbaya, zinafutika kwenye diski zote papo hapo. Virusi vya kudai fidia vikiyafunga mafaili, vimeyafunga kotekote. Mwizi naye hachukui diski moja akakuachia ya pili!

Fedha zikibana, mimi ningechagua kifaa cha diski moja na diski ya nje ya USB: nanakili kila wiki, naichomoa, kisha naihifadhi nyumba nyingine kabisa.