Kufagia mpaka kweupe: uwanja wa hospitali unavyochakazwa na usafi

Saa kumi na mbili asubuhi hospitali nyingi za huku kwetu zinaamka kwa sauti ya chelewa. Kina mama wa usafi wamejipanga kuanzia getini hadi wodi ya wazazi, wameinama, wanafagia. Ikifika saa moja ardhi ni nyeupe, ina mistari kama nywele zilizopitishwa kitana, na majani yamerundikwa nyuma ya chumba cha kufulia yanafuka moshi. Mganga Mfawidhi akipita anaridhika. Mimi nimesomea kilimo cha bustani na kazi yangu ni kutunza viwanja vya hospitali na vituo vya afya. Weupe ule ndio unaoninyima raha.

Chelewa haichukui majani peke yake. Kila siku inakwangua ule unga wa juu wa udongo, siku zote za mwaka. Kwenye hospitali moja ya wilaya mkoani Pwani niliona ukuta wa wodi ya wanaume una mstari uliokatika: juu rangi, chini zege tupu, upana wa kiganja changu kizima. Mstari ule ndio uliokuwa usawa wa ardhi siku fundi alipopaka rangi. Miarobaini ya pale mizizi imetoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee, na wagonjwa wenye magongo wanajikwaa. Udongo uliokwenda haukupotea. Mwingine umeziba mitaro, ndiyo maana masika maji yanaingia hadi kwenye korido. Mwingine ni vumbi, linapita kwenye nyavu za madirisha na kutua juu ya vidonda vibichi na kwenye vifua vya watoto wenye pumu. Ongeza na moshi wa yale majani hapo.

Kwa hiyo ninapoitwa, jambo la kwanza ninaloomba ni fagio lirudi kwenye njia, korido na maegesho. Kwingine litumike reki, na majani yabaki mle mle uwanjani, ila mahali pake. Chini ya miti tunayatandaza unene wa sentimita 5 hadi 8, kama kisahani kinachozunguka shina bila kuligusa, maana shina likifunikwa linaoza. Karibu na kuta hatutandazi kitu, tusije tukawakaribisha mchwa. Hapo tunapanda ukoka, unashika udongo na maji ya paa hayachimbi tena.

Majani ya mti wa mkungu ni kesi ya peke yake. Ni mapana, yakikauka yanajikunja kama bakuli na kukinga maji ya mvua, mbu wakapata pa kuzaliana. Hayo tunayakusanya yote na kuyapeleka kwenye mboji yakiwa yamekatwakatwa.

Mboji ya hospitali si kazi kubwa, ila ina masharti. Lundo lifike kimo cha mita 1 hivi, tabaka la majani makavu, tabaka la nyasi mbichi zilizofyekwa, samadi kidogo ikipatikana, na maji ya kulowesha tu. Chomeka nondo katikati, uiache kidogo, kisha uichomoe na kuishika: ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uiachie, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi, geuza na ongeza mbichi. Kwa joto la Pwani, miezi 2 hadi 3 unakuwa na udongo mweusi unaonukia msitu baada ya mvua. Sharti lisilo na mjadala: humo yanaingia ya bustanini tu. Mabaki ya chakula cha wodini yanaleta panya, na kitu chochote kilichopita kwenye ndoo za taka za wodi hakikaribii lundo langu hata kwa bahati mbaya.

Sasa mbu, maana hapa ndipo bustani inapoweza kuua. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014, ikaupata tena 2019. Mbu wa dengue, Aedes, hahitaji dimbwi. Kwenye zahanati moja nilipokelewa na maua mazuri yaliyopandwa kwenye matairi yaliyopakwa rangi nyeupe na bluu. Nikachukua kikombe cha plastiki, nikachota kale kamaji kalikotuama kwenye mkunjo wa ndani wa tairi, nikakainua juani. Viluwiluwi walikuwa wanajinyonganyonga humo, wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Muuguzi wa zamu aliyekuwa karibu akanyamaza muda mrefu. Mbu huyu anauma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakimsaidii mtu aliyekaa kwenye benchi la mapokezi. Na kituo cha afya ndiko anakoletwa mtu mwenye virusi damuni. Mbu anayezaliwa getini anamuuma huyo, kisha baada ya siku kadhaa anamuuma aliyekuja kliniki na mimba yake.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Aedes anabandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja mvua. Lazima usugue kwa brashi. Toka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku 10, ndiyo maana ukaguzi wetu ni kila Ijumaa bila kuruka: mifereji ya paa, vifuniko vya matangi, visahani vya vyungu na, hasa, ndoo zinazowekwa chini ya mabomba ya viyoyozi. Maji ya kiyoyozi nayapenda, ni ya bure, lakini bomba lielekezwe moja kwa moja kwenye kitalu cha maua.

Watu wa bustani wenyewe wanasahaulika kabisa. Kwenye nyasi za hospitali kuna sindano, tusidanganyane. Kibarua anafyeka na ndala, akiona karatasi anaokota kwa mkono. Kikosi changu kinavaa buti na glavu ngumu, kinaokota kwa koleo, na kila mmoja anachanjwa homa ya ini B, dozi 3, kabla hajashika fyekeo. Akichomwa, anaosha kwa maji na sabuni na kwenda kuripoti saa hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ina hasara.

Kingine ni kamba za nguo. Ndugu wanaouguza wanafua kanga na nguo za watoto, wanaanika juu ya michongoma au majanini. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na udongo wenye kivuli, na buu wake anaingia chini ya ngozi na kutoa jipu. Badala ya kuwafukuza, funga kamba mahali penye jua kali. Ukifika kwenye uzio, ng'oa oleanda na mnyaa palipo na watoto: oleanda ni sumu ukiitafuna, na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni balaa.

Na miti isikatwe vichwa. Tawi linakatwa shinani mwake, nje kidogo ya ule uvimbe linapoungana na mti, ili kidonda kifunge. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 utafiti wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo na kulala palipo na dirisha linalotazama miti walitoka mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Huwa naibeba habari hiyo kila ninapoambiwa mwembe ufyekwe yapatikane maegesho.

Yote haya yanakwama kwenye mkataba wa usafi. Ukiandika "eneo liwe safi wakati wote", mzabuni ataleta mafagio. Andika kimo cha nyasi, siku ya ukaguzi wa mbu, marufuku ya kuchoma, na idadi ya buti.

Ile hospitali ya wilaya nilirudi masika iliyopita. Mstari wa rangi bado upo. Chini yake ukoka umetambaa hatua mbili kutoka ukutani. Niliposogea kuutazama, mama mmoja wa usafi akaniita kutoka koridoni, "Usikanyage hapo, baba, bado haujashika."