Kwa nini fundi mzuri wa kupandisha ghorofa huanza kwa kuchimba chini?

Una nyumba ya chini hapo Dar es Salaam, watoto wameongezeka, kiwanja kimejaa. Unaita mafundi wakupandishie ghorofa. Wawili wanatazama juu, wanahesabu vyumba, wanataja bei. Wa tatu anaomba sururu, anakwenda kufukua kona ya nyumba. Namba ya simu ya kutunza ni ya huyo wa tatu.

Paa la bati na kenchi zake ni jepesi, hata msingi wa kawaida unalibeba. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ni habari nyingine. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400 hivi, kwa hiyo slabu ya chumba cha mita 4 kwa 4, unene sentimita 15, inakaribia tani 6. Hapo hujajenga ukuta wa juu wala kuingiza kitanda. Fundi anachimba aone kama chini ya nguzo kuna kitako cha zege chenye nondo, kina upana gani, kimekalia udongo gani. Au kama nguzo zenyewe hazipo, ni tofali tu zimepangwa. "Nilimwambia fundi aweke msingi wa ghorofa," kila mwenye nyumba husema hivyo, na fundi aliyeambiwa alishahama mji.

Akishaona, huenda akasema anahitaji mhandisi. Usidhani hajui kazi. Kusuka nondo na kukokotoa nondo ni fani mbili, tena halmashauri haikupi kibali cha ujenzi bila michoro. Ukipewa kampuni, uliza usajili wake CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na uliza kwenye Bodi yenyewe. Fotokopi ya cheti kila mtu anayo.

Kisha akupeleke kwenye nyumba aliyoimaliza, iliyokwisha kunyeshewa na masika mawili. Simama chini ya slabu. Zege lenye vitundu kama sega la nyuki halikushindiliwa vizuri. Michirizi ya rangi ya kutu ni nondo zinaliwa na maji. Panda ngazi bila kutazama miguu: ukijikwaa, vidato havilingani. Halafu muulize mama mwenye nyumba, fundi akiwa mbali, kama jamaa alipokea simu baada ya kumaliziwa hela yake. Malipo, kwa kweli, hayana siri: ni kwa hatua, kazi ikionekana.

Kuna swali ninalopenda kulitupa kama mzaha: mirunda, zile nguzo za miti zinazoshikilia slabu mbichi, tunatoa lini? Anayejibu "siku tatu", kwa sababu anaitaka saiti nyingine, mpe soda aende. Nguvu ya zege hupimwa siku ya 28, na siku za mwanzo slabu ikikauka haraka hupasuka. Fundi anayejua hatakimbilia hata kujibu. Atakuuliza wewe: asubuhi na jioni, nani atakuwa anamwagilia?