Geuza Kinyago Utazame Kitako

Mtu akiniletea kinyago cha Wainuit, wenyeji wa Aktiki, hapa Montréal, Kanada, nikithaminishe, kwanza nakigeuza. Uso wa dubu au wa mwindaji utanisubiri. Habari iko kwenye kitako. (Wengi wetu bado tunasema Waeskimo. Wenyewe wanajiita Inuit, yaani watu, na mmoja wao ni Inuk.)

Majuzi mama mmoja alinifungulia kanga, ndani mna kulungu wa Aktiki wa jiwe la kijani, mkubwa kama papai. Kitakoni palikuwa na maandishi ya silabi wanayotumia Wainuit, vipembetatu na vindoano, na chini yake E7 ikifuatwa na tarakimu. Kuanzia 1941 serikali ya Kanada iliwagawia Wainuit visahani vyenye namba, kwa kuwa maofisa walishindwa kuyaandika majina yao. E ni mashariki, W ni magharibi. Watu walivivaa shingoni, hadi majina ya ukoo yalipoandikishwa na namba zikaondolewa katika miaka ya 1970. Kwetu tunaothaminisha, namba hiyo ni msaada mkubwa: jina moja lilikuwa likiandikwa kwa namna nne au tano, namba haibadiliki. Lakini kila nikiisoma nakumbuka ilitolewa mahali pa jina. Kwenye cheti naandika jina kwanza, na kwa silabi zile zile alizochonga mwenyewe.

Jiwe lenyewe nalo linasema. Ukucha haukuacha alama juu yake, kwa hiyo si jiwe la sabuni, ingawa madukani yote huitwa hivyo. Aliyezoea jiwe la Kisii, lile la Tabaka linalokwanguka kirahisi, atashangaa. Hili ni serpentini ya Kinngait, mji uliokuwa ukiitwa Cape Dorset, kusini mwa kisiwa cha Baffin. Ni gumu, linang'aa likisuguliwa, na linavumilia kuchongwa jembamba. Ndiyo maana Osuitok Ipeelee, mchongaji wa Kinngait, aliweza kumsimamisha kulungu mzima juu ya miguu myembamba mno. Nenda Arviat, pwani ya magharibi ya Ghuba ya Hudson, jiwe ni la kijivu na halikubali madoido. Lucy Tasseor Tutsweetok, mchongaji wa huko, aliliacha karibu lilivyo, akatokeza nyuso ndogo tu kwenye kingo, familia nzima imeshikamana ndani ya bonge moja. Wateja huniambia hakumaliza kazi. Huwa nawaomba wapitishe kidole kwenye zile nyuso, polepole, macho yamefumbwa.

Sasa pembe. Vinyago vingi vya zamani vya pembe havina kitako kabisa. Ukiviweka mezani vinalala ubavu. Havikuchongwa vikae kabatini. Vilichongwa vishikwe, vigeuzwe kiganjani, vibebwe na watu wanaohamahama. Kitako bapa kilishamiri alipotokea mnunuzi mwenye rafu. Mwaka 1948 msanii kijana, James Houston, alifika Inukjuak, kijiji cha Wainuit kaskazini mwa Quebec, akarudi na vinyago vidogo, na Novemba 1949 maonyesho ya kuviuza yakafanyika papa hapa Montréal. Vilikwisha kwa siku 3. Baada ya hapo mawe yakaanza kuwa makubwa.

Pembe hizi si za ndovu. Nyingi ni za walarasi, mnyama wa baharini mwenye pembe mbili zinazoning'inia kinywani. Tazama ilipokatwa: ya ndovu ina mistari inayopishana kama ukili uliosukwa, ya walarasi ina kiini chenye mabakamabaka, kama barafu iliyopondwa ikagandishwa tena. Kabla ya kununua, jiulize inakwenda wapi. Sheria ya Marekani ya 1972 inazuia kuingiza nchini humo vitu vya mamalia wa baharini bila kibali, na kuvitoa Kanada nako kunahitaji karatasi zake. Nimeona mtu akinyang'anywa mpakani zawadi ya babu yake.

Kuhusu bandia: nyingi ni plastiki iliyochanganywa na unga wa jiwe na kumiminwa kwenye kalibu. Jiwe la kweli ni baridi na zito mkononi. La bandia linapata joto upesi, na vinyago kumi vinakuwa na mkwaruzo ule ule mahali pale pale. Lebo yenye picha ya nyumba ya barafu, iliyoanza 1958 na sasa inasimamiwa na Inuit Art Foundation, shirika la sanaa ya Wainuit, ni ushahidi mzuri. Usiikate kwa kuona inaharibu sura.

Na usiweke pembe karibu na joto kavu. Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa niliacha ndege mdogo wa pembe dirishani, juu ya hita. Asubuhi alikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi mkiani. Haukuzibika, na sikumuuza. Yumo kwenye droo yangu, kwenye kitambaa cha pamba, mdogo kama kokwa la embe. Anayekuja kujifunza namwekea huyo kiganjani kabla hajashika jiwe lolote.