Kwa nini mgonjwa wa lupasi hupewa dawa ya malaria

Swali hili wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, huuliza mara nyingi: sina malaria, mbona nimeandikiwa haidroksiklorokwini, dawa ya malaria? Wana haki ya kuuliza.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wengi walimeza mepakrini kujikinga na malaria. Waliokuwa na vipele vya lupasi au maumivu ya viungo wakapata nafuu ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1951 daktari Page wa Uingereza alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa lupasi kwa mepakrini, na mwaka 1955 haidroksiklorokwini, iliyo salama zaidi, ikaidhinishwa Marekani.

Katika lupasi na baridi yabisi, kinga huushambulia mwili inaopaswa kuulinda. Dawa hii hujikusanya ndani ya laisosomu, yaani vifuko vya seli vyenye asidi, na kuipunguza makali asidi hiyo. Hapo vipokezi vinavyohisi DNA na RNA, yaani molekuli zinazobeba maelekezo ya urithi, ambavyo kwa wagonjwa hawa huamshwa na mabaki ya seli zao wenyewe, hukosa kusisimka. Interferoni na kemikali nyingine zinazochochea uvimbe hupungua. Kinga hutulia bila kuzimwa, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu dawa hii.

Kazi yake ni ya polepole. Nafuu huweza kuchukua wiki 6 hadi 12, wakati mwingine miezi. Wengi hukata tamaa mapema. Wengine huacha wakishajisikia vizuri, na hawa ndio wananitia wasiwasi zaidi. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1991 uliwafuatilia wagonjwa 47 wa lupasi waliokuwa wametulia: hatari ya ugonjwa kulipuka upya ilikuwa mara 2.5 kwa waliobadilishiwa vidonge visivyo na dawa, ikilinganishwa na walioendelea na dawa. Hata mjamzito mwenye lupasi kwa kawaida hushauriwa aendelee nayo.

Hofu ya macho ina msingi. Kwa dozi isiyozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hatari ya kudhurika retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iko chini ya asilimia 2 katika miaka 10 ya kwanza, lakini hukaribia asilimia 20 baada ya miaka 20. Mwenye ugonjwa wa figo yuko hatarini zaidi. Pima macho unapoanza dawa, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, hata kama unaona vizuri, kwa sababu retina huanza kuharibika kabla mgonjwa hajagundua lolote.