Je, wajua kwa nini jina la kazi kwa Kiingereza hukaa kichwani likichezewa karata?

Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha jaribio la wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger. Walitaka kujua ni kitu gani hasa kinacholifanya neno la lugha ngeni likae kichwani, na lugha waliyoichagua ni Kiswahili. Wanafunzi wa chuo kikuu walipewa jozi 40 za maneno, la Kiswahili na mwenzake wa Kiingereza, kama mashua na "boat". Wakasoma, wakaulizwa, wakasoma tena, wakaulizwa tena. Njia zilitengana pale mwanafunzi alipolipatia neno kwa mara ya kwanza. Kuna walioendelea kulisoma bila kuulizwa tena, na kuna walioacha kulisoma ila wakaendelea kuulizwa.

Wiki moja baadaye, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno. Walioendelea kusoma tu walikumbuka asilimia 36. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba walipotakiwa kukisia mapema watakumbuka mangapi, makundi yote yalitaja kama nusu. Neno likiwa linaponyoka, mwenyewe hana habari.

Sasa lichukue darasa la Kiingereza siku ya somo la kazi. Mwalimu anaandika ubaoni "doctor", "nurse", "tailor", "mechanic", "accountant". Wanafunzi wanaitikia kwa pamoja, kisha wananakili kwenye madaftari. Maneno yameonwa, yamesikika, yameandikwa, lakini hakuna hata mmoja aliyelazimika kuyatoa kichwani mwake mwenyewe. Karata inalazimisha hivyo. Mtoto ameshika picha ya mwanamke aliyejikinga uso, anachomelea geti, cheche zinaruka. Hakuna maandishi yoyote, zamu ni yake, na wenzake wanamngoja. Lazima "welder" itoke. Ikigoma, atalisikia neno hilo kutoka kwa mwenzake wakati ambapo analihitaji kweli, na mzunguko ujao litamjia. Katika darasa la wanafunzi themanini, mtoto anaweza kumaliza wiki nzima mwalimu hajamfikia kwa swali. Mezani na wenzake wanne, zamu inamrudia kila baada ya dakika moja au mbili.

Ila seti nyingi za karata za kazi zina kasoro: zimejaa majina matupu. Daktari, muuguzi, mfamasia, daktari wa meno, yote kwa siku moja. Miaka ya 1990 mtafiti Thomas Tinkham alionyesha kwamba maneno mapya ya jamii moja, yanayoweza kukaa pengo lilelile katika sentensi, ni magumu zaidi kuyashika yakifundishwa pamoja kuliko maneno yasiyohusiana. Yanaingiliana. Robert Waring alirudia jaribio hilo kwa Wajapani, akapata jambo hilohilo. Na mwaka 1997 Tinkham aliona upande wa pili: maneno yanayokutana katika tukio moja, mtu na mahali na tendo, hushikika kwa urahisi zaidi.

Hapo ndipo mchezo mmoja wa zamani wa Waingereza unaponivutia. Unaitwa Happy Families, na uliuzwa na kampuni ya Jaques ya London tangu katikati ya karne ya 19. Kila familia ina karata nne, baba, mama, mwana na binti, na kila familia ina kazi yake: yuko Bwana Bun mwoka mikate, yuko Bwana Bones muuza nyama. Unamwomba mwenzako karata kwa kuitaja jina, na huruhusiwi kuomba ya familia ambayo huna hata mmoja wao mkononi. Mwenye familia nyingi zilizotimia ndiye mshindi.

Weka pembeni baba na mama, ubaki na muundo. Familia ya fundi bomba iwe na fundi mwenyewe, spana yake, bomba linalovuja, na tendo la kulitengeneza. Familia ya mhudumu wa mapokezi, kazi ambayo vijana wengi wa Zanzibar huisomea Kiingereza, iwe na yeye, kaunta, funguo za vyumba, na tendo la kumpokea mgeni. Kwa kipindi kimoja familia sita zinatosha kabisa, na ziwe za kazi zilizo mbalimbali: mpishi na mwashi wakae pamoja, muuguzi na daktari watengane hadi mmoja wao azoeleke. Mpishi, kwa njia, ni karata ya lazima. Wanafunzi wetu wengi humwita "cooker", nalo ni jiko. Wakiwa na "cook" mkononi na "cooker" kama kifaa chake, kosa linajirekebisha lenyewe.

Faida nyingine haihusu majina ya kazi. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi, wala hakina "a" na "an", kwa hiyo "he" na "she" zinatusumbua hata ukubwani. Ukiweka sharti kwamba karata huombwa kwa sentensi kamili, mtoto atasema "She is an electrician" mara nyingi bila kuchoka, kwa sababu nia yake ni karata. Nami nasisitiza picha za wanawake mafundi na wanaume wauguzi, maana bila hizo mtoto hubahatisha kiwakilishi kwa kuitazama kazi badala ya mtu.

Sharti moja halina mjadala: bila neno, hakuna karata. Katika mchezo wa kufunua karata mbili zinazolingana, mtoto mwenye macho makali anaweza kushinda kimya kimya, asitamke chochote. Huyo amezoeza macho tu.

Wapo wazazi ambao wakisikia karata wanafikiria vijiwe na kamari, na wasiwasi wao una msingi. Karata hizi hazina kopa wala shupaza, na hazichezewi pesa. Ni vipande vya manila au maboksi yaliyokatwa, vilivyochorwa na wanafunzi wenyewe.

Kinachobaki ni lini zirudiwe. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema, kisha upotevu hupungua kasi. Miaka ya 1970 Sebastian Leitner akaeneza njia ya visanduku: karata uliyoipatia inasogea kisanduku cha mbele, kinachofunguliwa kwa nadra zaidi, na uliyoikosa inarudi cha kwanza. Kwa maneno ya kazi, visanduku vitatu vya kadibodi vinatosha. Cha kwanza kifunguliwe kila kipindi, cha pili mara moja kwa wiki, cha tatu mwisho wa mwezi. Karata ikikosewa mwisho wa mwezi irudishwe mwanzo, hata kama ni ya "teacher", ambayo kila mtu anadhani anaijua.